Kijue kigimbi kabla hujakichua

Wateja wangu wengi hapa Mwanga, Kigoma, si watu wa kukaa ofisini. Wengine ni wabeba mizigo wa bandari ya Kibirizi, wengine wavuvi. Mtu ameshinda na magunia mgongoni, halafu jioni anakuja kunyanyua vyuma. Mwalimu usiyejua misuli utamwongezea mzigo palepale palipochoka.

Majina ya Kilatini si lazima uyakariri yote. Kila msuli uulize: umeanzia wapi, umeishia wapi, umevuka viungo gani? Chukua kigimbi. Kina misuli miwili mikubwa. Ule wa nje, gastroknemiasi, unaanzia juu ya goti, kwenye mfupa wa paja. Ulio chini yake, soleasi, unaanzia chini ya goti. Yote inaishia kwenye kano moja nene, ya Akilesi, iliyoshika kisigino. Ndiyo maana mteja akiinua visigino huku amesimama na goti limenyooka, ule wa nje unafanya kazi kweli. Akikaa goti likakunjwa, unalegea na mzigo unaiangukia soleasi. Basi mkimbiaji ukimnyoosha goti likiwa limenyooka tu, soleasi hujaifikia sawasawa. Mkunje goti kidogo, kisigino kibaki chini, umnyooshe tena.

Misuli ya nyuma ya paja nayo karibu yote inavuka nyonga na goti, na wenye mbio kali ndiko wanakochanika sana.

Maumivu ya mazoezi mapya hayaji papo hapo. Yanapanda taratibu, yanakuwa makali kati ya saa 24 na 72, na yanasambaa msuli mzima. Jeraha la kuchanika msuli huja ghafla, na mara nyingi mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole panapouma. Huyo usimwambie “kaza, litaisha”.

Kuna mzee mmoja wa timu ya veterani, aliposikia “pa!” nyuma ya mguu aligeuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga teke. Nyuma hapakuwa na mtu. Kano ya Akilesi ikikatika ndivyo inavyokuwa. Na inadanganya, kwa sababu mtu bado anaweza kutembea akichechemea na hata kusukuma wayo chini, maana kuna misuli mingine midogo inayosaidia. Mlaze kifudifudi, wayo uning'inie nje ya benchi, kisha minya kigimbi. Wayo ukikaa kimya wakati ule mwingine unasogea, mpeleke hospitali ya Maweni leo, si kesho. Wenzake watataka kumchua kwa mawese ya moto. Mawese yaachieni samaki wa migebuka.

Halafu kuna kigimbi kinachouma bila mazoezi kuhusika. Mteja ametoka Dar, kakaa kwenye basi au treni safari nzima, mguu mmoja umevimba, ni wa moto, unauma ukiugusa. Hapo huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Usichue, usinyooshe, usimpe zoezi lolote “la kulegeza”. Aende hospitali siku hiyohiyo, na akikwambia kifua kinauma au pumzi zinambana, tafuta usafiri saa hiyohiyo, hata kama umeacha wateja wengine wamesimama na vyuma mkononi.