Presha kwa mtoto: je, tupime vimeng'enya vya damu?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Alipokuwa akiumwa kichwa, zahanati ilimpima ikakuta presha ya 138 kwa 88, na wiki iliyofuata ilikuwa karibu hivyo hivyo. Shemeji yangu amesoma kwamba vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini) vya chembe nyekundu za damu hubadilika kwa watoto wenye presha, naye anasisitiza tukavipime katika maabara ya kulipia mjini Kampala. Je, kuna faida?
Mama wa mtoto, Jinja

JIBU: Mama, alichosoma shemeji yako ni kweli, lakini hakimsaidii daktari kuchagua matibabu.

Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo haiwezi kutengeneza vimeng'enya vipya, bali huishi na vile ilivyotoka navyo kwenye uboho, kwa takriban siku 120. Kimojawapo, superoksidi dismutasi, hugeuza superoksidi, ambayo ni zao kali la oksijeni, kuwa peroksidi ya hidrojeni. Kisha katalasi na glutathioni peroksidasi huivunja peroksidi hiyo isidhuru. Superoksidi ikizidi mwilini huiharibu oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza kuta za mishipa, na mishipa ikibana presha hupanda. Hata hivyo, unene na ugonjwa wa figo navyo huvuruga mfumo huo, kwa hiyo ni vigumu kujua kilichotangulia, na hakuna kiwango kilichokubalika cha kumpimia mtoto mmoja mmoja. Mimi nisingezitoa fedha hizo.

Msichanganye jambo hili na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kingine cha chembe nyekundu, ambao ni wa kurithi na umeenea katika nchi zenye malaria kama yetu. Huo ni muhimu kuujua kabla ya kupewa dawa kama primakwini ya malaria, si katika kutafuta chanzo cha presha.

Linalonitia wasiwasi ni hiyo 138. Kwa mvulana wa miaka 11, awe mfupi au mrefu, kiwango hicho kiko juu sana, ilimradi mkanda wa kupimia ulimfaa, kwa maana mkanda mdogo kuliko mkono husoma presha ya uongo iliyo juu. Kwa kuwa aliumwa kichwa, mpelekeni hospitali ya rufaa ya Jinja mara moja, msingoje miadi. Na akipata degedege, akiona ukungu au akihema kwa shida, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kadiri umri wa mtoto mwenye presha ulivyo mdogo, ndivyo figo zinavyopaswa kushukiwa zaidi. Mwambieni daktari kama aliwahi kuvimba uso au kukojoa mkojo wa rangi ya soda ya kola, hasa baada ya koo kuuma au vidonda vya ngozi, maana watu wengi huvipuuza vidonda vya upele. Atapimwa mkojo kutafuta protini na damu, kisha kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) na chumvichumvi za damu, na figo zitaangaliwa kwa ultrasaundi. Ombeni pia apimwe presha mguuni, kwa kuwa ikiwa chini sana kuliko ya mkononi, huenda mshipa mkuu utokao moyoni umebana tangu kuzaliwa. Fedha za safari ya Kampala ziwekeni akiba, iwapo daktari wa Jinja ataamua aonwe na mtaalamu wa figo katika hospitali ya Mulago huko Kampala.