Kompaila inagoma: heda mbili zinagombania jina moja

Swali: Ninaandika programu ya C ya kupima joto la matangi ya kupozea maziwa hapa Mbarara. Ilikuwa inakompaili vizuri mpaka nilipoongeza maktaba ya sensa. Sasa napata "conflicting types for 'uint32'". Kila heda (faili la .h linaloletwa kwa #include) nimeiwekea kinga ya #ifndef, lakini wapi! Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kinga hizo ziache, ila kazi yake ni nyingine: zinazuia faili lilelile lisisomwe mara mbili. Wewe una mafaili mawili tofauti, kila moja na kinga yake, na yote yanadai jina uint32.

Usiishie kwenye mstari wa error. Chini yake kompaila ya GCC huandika note yenye maneno "previous declaration", na hapo ndipo utaona faili la kwanza na namba ya mstari. Fungua yote mawili uyalinganishe. Nadhani utakuta typedef mbili, yaani mistari inayoipa aina ya data jina jipya, kama hivi:

typedef unsigned long uint32;
typedef unsigned int uint32;

Kama hujui heda ya pili imeingilia wapi, kompaili kwa gcc -H, itakuonyesha nani kamwita nani. Kubadilisha mpangilio wa #include hakutasaidia. Lawama itahamia faili jingine tu.

Utasema zote mbili ni baiti 4. Kwenye kidhibiti chako cha biti 32, huenda ni kweli, lakini kwa C hizo ni aina mbili tofauti hata zikilingana ukubwa. Tena hazilingani kila mahali: kwenye Linux ya biti 64, unsigned long ni baiti 8, kwenye Windows ya biti 64 inabaki 4. Kifaa cha tangini kikiandika rekodi kwa baiti 4, halafu kompyuta ya ofisini ikaisoma kwa 8, sehemu zote zinazofuata zinasogea. Maziwa yaliyopoa hadi digrii 4 yanasomeka namba isiyo na maana, na mtu anaweza kuyamwaga bure. Kwa hiyo nakusihi usiinyamazishe error hii kwa ujanja wa #define.

Dawa ni stdint.h, heda ya kawaida ya C iliyomo tangu C99 (toleo la C la mwaka 1999). Futa typedef yako, tumia uint32_t. Usijitungie uint32_t mwenyewe: kwenye Linux kwa kawaida ni unsigned int, lakini arm-none-eabi, kompaila ya vidhibiti vya ARM, ikiwa na maktaba ya C iitwayo newlib, huifanya unsigned long, na ukibahatisha utarudi palepale. Kama msimbo wako umejaa uint32 na maktaba huwezi kuigusa, badilisha jina la kwako, mathalani joto_u32. Toleo la C11 linaruhusu kurudia typedef ikiwa aina ni ileile kabisa. C99 hairuhusu hata hiyo.

Angalia pia kama kuna heda yenye typedef ya bool. GCC 15 inatumia toleo la C23 isipoambiwa vingine, na humo bool ni neno la lugha yenyewe, kwa hiyo itaikataa. Weka stdbool.h.

Ukimaliza, endesha make clean, kama Makefile yako inayo, ukompaili kila kitu upya, maana mafaili ya .o (yaliyokwisha kukompailiwa) ya zamani bado yana ukubwa wa zamani. Kisha chini ya struct ya rekodi andika _Static_assert (ukaguzi wakati wa kukompaili) inayodai sizeof yake, yaani ukubwa wake, iwe idadi ya baiti unayoitegemea, na heda hiyohiyo itumike kwenye kifaa na kwenye kompyuta ya ofisini.