Kabla hujakubali nusu ya bei ya laptopu yako

Pole ndugu yangu. Umesema laptopu ina miaka 3, haina tatizo ila mkwaruzo kwenye kona, lakini kila anayekuja anakutajia nusu ya bei unayotaka. Mara nyingi mnunuzi hashushi bei kwa dharau, bali anahofia asichokiona. Mwondolee hofu hiyo.

Anza na betri, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Kama inatumia Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri za kompyuta), andika powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea ripoti. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa sasa, kisha uweke picha ya ripoti hiyo kwenye tangazo. Mimi nilipofanya hivyo, mnunuzi aliacha kubishana palepale. Piga picha nyingine mchana karibu na dirisha, na ule mkwaruzo wa kwenye kona uonekane. Ukiuficha atauona mkikutana, na hapo atakosa imani hata na mengine uliyosema kweli.

Bei usiitoe kichwani. Angalia modeli hiyohiyo inauzwaje kwa wengine, kisha panda kidogo upate nafasi ya kushuka. Chaja yake halisi inasaidia sana.

Kabla ya kukabidhi, hamisha mafaili yako, toka kwenye akaunti zote, ndipo ufute kila kitu. Kutaneni penye watu. Usiachie mashine kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo tu. Angalia salio lako mwenyewe. Na kama betri imevimba, usiichaji wala usiiuze hivyo, ipeleke kwa fundi kwanza, maana inaweza kushika moto.