Unafanya kazi maktaba na mikono inakuwasha kutengeneza kitu? Anza na vitabu vilivyokufa

Dada mmoja wa Likasi, huku kwetu Kongo, ameniandikia. Anatunza vitabu vya shule, ameona picha za madaftari ninayoshona, na anauliza: "Yaya (yaani dada mkubwa), nianze na pesa ngapi, na hiyo kozi uliisomea wapi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, lakini swali hilo naulizwa kila mara, na najua nyote mnaolisoma hili mnataka kitu kilekile: siku moja kazi ya mikono yenu ikae kwenye dirisha la duka mjini, watu wasimame kuitazama. Basi leo najibu kwa kirefu.

Pesa usiitafute kwanza. Kozi nayo sikusoma. Mwalimu wangu ni vitabu vilivyovunjika mgongo.

Kila maktaba ina kona yake ya wagonjwa. Kwetu kazini ilikuwa nyuma ya kabati la kadi: makamusi ya Kifaransa yanayoanzia herufi C, vitabu vya hesabu vilivyonyeshewa, riwaya zisizo na mwisho. Vilikwisha kufutwa kwenye orodha, vinangoja moto. Niliomba nivichukue na nikapewa ruhusa kwa maandishi. Hapo msiruke, ndugu zangu. Kitabu cha maktaba si chako mpaka karatasi iseme ni chako, na kitabu ambacho bado kinaazimwa hakifanyiwi majaribio hata kama mikono inakuwasha namna gani. Nikavipeleka nyumbani, nikaanza kuvifungua kwa wembe.

Ukifungua kitabu kilichoshonwa vizuri utashangaa jinsi kilivyo rahisi. Hakuna aliyeshona ukurasa mmojammoja. Karatasi zimekunjwa kwa mafungu: karatasi nne zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16, uzi unapita ndani ya mkunjo, kisha uzi uleule unalishika fungu la jirani. Siri yote ndiyo hiyo. Vile vya bei ya chini havina uzi kabisa, vimepakwa gundi mgongoni tu, ndiyo sababu wanafunzi wanatuletea jalada mkono huu na kurasa mkono ule, halafu wanaapa walikikuta hivyo. (Na ninyi mnaovitibu kwa skochi, acheni. Baada ya miaka michache plastiki inabanduka, gundi yake inabaki imegeuka rangi ya chai ndani ya karatasi, na haitoki tena.)

Siku moja, saa ya mapumziko, nilikuwa nimeketi na sindano na fungu langu la karatasi. Mkubwa wangu wa wakati ule akapita, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi meza za wasomaji: "Mama, hapa hatukulipi ucheze na makaratasi kama mtoto wa chekechea." Watu wakacheka. Nasema tena, ilikuwa saa ya mapumziko, nataka hilo lijulikane. Sijasahau, wala sitajifanya nimesahau.

Baadaye nilisoma habari za vitabu vya Nag Hammadi, vile vilivyofukuliwa Misri mwaka 1945. Ni vya karne ya 4 hivi, vimeandikwa kwa Kikopti, lugha ya kale ya Misri, na kufungwa kwa ngozi. Walipochunguza majalada yake walikuta mafundi walijaza ndani mafunjo (karatasi za kale za matete) yaliyokwisha kazi, barua za watu na karatasi za hesabu, ili ngozi ipate ugumu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Waafrika wale walikuwa wanacheza na makaratasi miaka 1600 iliyopita, na kazi yao bado inashikika! Tangu hapo kartoni sinunui. Nachukua fotokopi zilizoharibika, nazibandika moja juu ya nyingine mpaka unene unaridhisha, nazikandamiza usiku kucha kati ya mbao mbili chini ya matofali niliyoyafunga gazeti. Asubuhi nina jalada gumu, na sikutoa falanga.

Gundi nayo iko jikoni kwako. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo, maji vijiko vinne au vitano, moto mdogo, unakoroga bila kuacha mpaka ule weupe wa maziwa uondoke na uji uanze kung'aa. Uchuje kwa kitambaa chepesi, uache upoe. Pika kidogo tu, maana siku ya tatu unanuka, na mende wanaupenda kuliko wewe unavyopenda bukari, ugali wetu. Kwa hiyo bakuli la uji huo lisikanyage maktabani kamwe.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na wengi wanaoshona madaftari hapa mjini hawalijui. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zimelala upande mmoja. Shika karatasi ya A4, ipinde taratibu bila kuikandamiza, kwanza kwa upande wa urefu, kisha kwa upande wa upana. Pindo moja litakubali bila ubishi, la pili litakusukuma vidole. Linapokubali ndiko nyuzi zilikolala, na mkunjo wa daftari lako lazima ufuate huko. Karatasi nyingi za fotokopi za A4 nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukizikunja katikati upate daftari dogo, unazikata nyuzi, na daftari linakuwa kaidi: unalifungua mezani, linajifunga lenyewe. Dawa ni kununua A3, kuikata katikati, ndipo uikunje. Pima kila ream (bunda la karatasi) unayonunua, usimwamini muuzaji, kwa sababu muuzaji hajui unachouliza.

Kitambaa cha jalada nakipata soko la Kenya (si nchi, ni mtaa wa hapa Lubumbashi), kwa mama washonaji. Vipande vya kitenge vinavyobaki chini ya cherehani zao vinatosha kabisa. Lakini ukipaka uji moja kwa moja kwenye kitenge, unapenya upande wa pili na kuacha doa linalong'aa, na rangi yote nzuri imekufa. Lowesha kitambaa kidogo, kilaze juu ya kioo au meza ya plastiki, uso ukiangalia chini, kinyooshe kwa viganja mpaka michoro ikae sawa. Chukua karatasi nyepesi, ile ya kufungia zawadi inafaa, ipake uji, ilaze juu ya mgongo wa kitambaa, usukume hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha ondoka. Usikiguse, usikiinue kuchungulia. Kiangazi, Juni au Julai, kinakauka kabla jua halijazama. Januari, mvua ikiwa haina adabu, usiharakishe, na usikifungie kabatini kikiwa na unyevu, kitaota ukungu. Kikikauka kinabanduka chenyewe, kimekuwa kigumu kidogo, na sasa kinapakika gundi bila doa.

Vifaa vingine siwezi kuviandikia hadithi. Sindano nene ya fundi viatu, uzi wake, kipande cha mshumaa cha kuusugulia uzi ili usijifunge mafundo, mpini wa kijiko wa kukandamizia mikunjo. Umeme ukikatika, tochi ya simu.

Kwa hiyo, dada wa Likasi, pesa ya kuanzia ni ya uzi na karatasi, basi. Mwombe mkuu wa shule ruhusa ya maandishi kwa vile vitabu vilivyofutwa, na ufungue kimoja kabla hujashona chochote.

Watu wanadhani ubunifu unakuja na boksi la vifaa kutoka Ulaya. Hapahapa petu Lubumbashi, mji ukiitwa bado Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946, watu wakaiita Hangar. Hakuwaambia wachoraji wake waige shule za Wazungu. Mmoja wao, Bela, alipaka rangi kwa ncha za vidole, akatoa samaki na majani kwa alama zilezile za vidole, na picha zake leo zinatafutwa na wakusanyaji wa nchi za mbali. Pilipili Mulongoy naye alichora ndege na nyoka wa huku kwetu, akajulikana mbali. Kwa hiyo ndugu yangu unayeniambia "nasubiri nipate vifaa", unasubiri nini hasa? Mkono unao. Muda nao unao, ungepunguza simu. Ninawaona mnaoandika "Mungu akipenda nitaanza", mwaka unapita, mnaandika tena vilevile. Mungu amekwisha kupenda, anza! Na ukianza, usimwonyeshe kazi isiyokwisha mtu anayependa kucheka. Atacheka, na wewe utaiweka chini. Mimi sikuiweka chini, lakini nimewaona wengi walioiweka.

Mwaka huu simu ikalia. Yule mkubwa wangu wa zamani, binti yake anaolewa, wanataka kitabu cha wageni cha kuweka mlangoni, "kama vile unavyotengeneza, Mama, nimeviona kwa watu." Alikuja mwenyewe nyumbani. Nikampa kiti, nikampa maji, nikamwonyesha vitambaa. Alichagua kitenge cha bluu chenye ndege. Hakutaja siku ile, wala mimi. Nikamwambia bei ni dola 40, nusu mbele.

Akakohoa kidogo. "Mama, sisi si tumefanya kazi pamoja?"

"Ndiyo, Papa. Ndiyo maana si 50."

Akalipa. Nilikwenda harusini, si kama mwalikwa wa meza kubwa, nilikaa nyuma na soda yangu, lakini kutoka pale nilikuwa naona mlango vizuri. Watu walikuwa wanakigeuza kitabu, wanaangalia mgongo wake, wanakifungua katikati, na kilikuwa kinakaa wazi chenyewe bila kushikwa. Mama mmoja alikipapasa kitenge akauliza nani kashona. Nikainua mkono. Usiku huohuo nilipata oda tatu.

Oda za harusi za Agosti nimekwisha kuzifunga, msinipigie. Za Septemba naanza kupokea mwezi ujao. Nusu mbele, hata kwa wachungaji.