Maswali yenu: Dispensari ya Kale na majumba ya mawe Zanzibar

Lile jengo la Mizingani lenye roshani za mbao linaitwa dispensari, mbona sijawahi kuona mgonjwa pale?

Umechelewa kuzaliwa ndugu yangu. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, alianza kulijenga 1887 akitaka hospitali ya maskini, akafariki 1891 halijaisha, likamalizika 1894. Baadae likaingia kwenye mali za Haji Nasser Nur Mohamed, ndo chini ikawekwa dispensari ya hisani na juu watu wakaishi. Baada ya Mapinduzi likachakaa vibaya mpaka shirika la utamaduni la Aga Khan likalikarabati miaka ya 90, likawa kituo cha utamaduni. Roshani zile bado zipo, zitazame ukishuka bandarini.

Nyumba yetu ya urithi Mji Mkongwe lipu inabanduka, fundi anasema tupige simenti. Tumsikilize?

Hapana, tena mzuie leo leo. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyonya unyevu na kuutoa, sasa ukiuziba na simenti maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, lipu inatoka vipande vipande na kuondoka na chokaa ya zamani, na unyevu ukifika kwenye kichwa cha boriti kile kilichoingia ukutani kinaoza kimya kimya huku nyie mnapaka rangi tu kila Idi. Kwanza tafuteni maji yanatoka wapi, mara nyingi ni paa au bomba la bafu la juu, likishazibwa ndo mkwangue mpige chokaa iliyolazwa majini vya kutosha. Bei itawauma, sikudanganyi.

Tunataka jengo la wakfu liwe kliniki. Tunaweza kutoa ukuta wa kati tupate ukumbi?

Upana wa vyumba vile, kama mita 3 hivi, umepangwa na urefu wa boriti, na ule ukuta ndo umezibeba, ukiutoa dari linakuja na nyie. Beit al Ajaib sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati wa matengenezo, na lile lilikuwa jumba la Sultani! Vyumba vyembamba mbona vinafaa kabisa kwa daktari mmoja mmoja, wagonjwa wakangoje uani. Vyoo wekeni chini, bomba lipite nje ya ukuta mlione likivuja, na maji ya AC yasidondokee ukutani.

Kibali je?

Mamlaka ya Mji Mkongwe, na kwa kuwa ni wakfu nendeni Kamisheni ya Wakfu pia. Kabla ya kugonga nyundo jamani, sio baada.