Muulize Afande Mstaafu: "Kijana wangu hayuko kwenye OB"

Barua za mwezi huu zimenijaa meza na karibu zote ni za kitu kimoja, polisi watabadilika lini. Nilivaa sare miaka ishirini na saba, nikaanzia chuo cha polisi Kiganjo nikamalizia kwenye meza ya kuripoti, kwa hivyo wengine wenu mnaniandikia kama mzee wenu na wengine kama mshukiwa, sawa tu nimezoea. Majina nimetoa, barua ndefu nimekata.

Afande shikamoo. Kijana wangu wa miaka 19 alishikwa Ijumaa saa mbili usiku akitoka kwa mpira. Nikaenda stesheni usiku huo huo nikaambiwa hayupo, nikarudi asubuhi nikaambiwa yupo, ati alileta fujo. Jumapili nikaitishwa elfu tatu nikatoa, akatoka, risiti sikupewa na kortini hakupelekwa. Nilikosea kulipa? – Mama, Likoni

Marahaba mama. Hakuna mzazi atakulaumu, mtoto akiwa ndani hata mimi ningetoa. Lakini hiyo elfu tatu usiiite dhamana manake dhamana ya pesa taslimu lazima iwe na risiti, na kesi ikiisha ama isipopelekwa kortini unarudishiwa pesa yako. Bila risiti hiyo ni chai, tuseme ukweli.

Sasa sikiza kitu ambacho watu wengi hawakijui. Ukifika pale mezani usianze na "mtoto wangu yuko wapi", anza na "naomba namba ya OB". OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio, kila kitu kinachoingia stesheni kinaandikwa mle kwa saa na kwa namba, na namba inaanza upya kila siku. Ukipewa kitu kama 23/14/06/2025 maana yake ni tukio la ishirini na tatu la tarehe 14 Juni. Mtu akiwa kwenye OB basi yuko mikononi mwa serikali na kuna ofisa ambaye jina lake liko pale chini, akipatikana na jeraha huyo ofisa ana maswali ya kujibu. Asipokuwa kwenye OB huyo mtu hayuko popote. Ndio maana ile Ijumaa usiku uliambiwa hayupo, kwenye kitabu hakuwepo kweli, alikuwa seli.

Na mimi nikwambie yangu. Miaka ya tisini usiku mmoja mkubwa wangu aliniambia niache mistari mitatu wazi, "utajaza baadaye". Vijana wawili walikuwa tayari ndani. Nikaacha. Alfajiri wakatolewa mlango wa nyuma, mmoja mkono umevimba kama mkate wa mofa, na ile mistari mitatu nikaijaza ripoti ya mbuzi aliyepotea. Mbuzi! Hakuna mbuzi aliyepotea siku hiyo. Mwandiko ni wangu na nikikumbuka huwa napata aibu, kwa hivyo nikisema shida ya polisi iko kwenye ile meza siongei kwa kusikia.

Mambo ya Ijumaa nayo si bahati mbaya. Katiba kifungu cha 49 kinasema ukishikwa upelekwe kortini ndani ya saa 24, lakini hizo saa zikiisha wakati korti imefungwa wanasubiri siku ya korti inayofuata. Sasa mtu akishikwa Ijumaa jioni hesabu inaenda mpaka Jumatatu, na hizo siku mbili za katikati ndio soko lenyewe, mzazi anauza kuku, anakopa chama, anapiga simu kwa shemeji Saudia. Kifungu hicho hicho kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu ama kifungo kisichozidi miezi sita mtu hafai kuwekwa rumande. Mwambie kijana akariri hiyo.

Niaje afande. Tangu nizaliwe naskia mageuzi ya polisi, mageuzi ya polisi. Mimi nilichoona ni sare ya buluu. Hebu niambie kitu kimoja kilichobadilika. – Msomaji, Kayole

Mdogo wangu swali lako ni la hasira na una haki, lakini kimoja nitakupa na hata viwili.

Haya mambo yalianza kwa damu. Baada ya uchaguzi wa 2007 tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Sasa kwa mtaa risasi ziko na nani? 2009 ikaundwa kamati ya Jaji Philip Ransley ikaandika mapendekezo mengi sana, halafu Katiba ya 2010 ikatuondoa kuitwa jeshi ikatuita Huduma ya Kitaifa ya Polisi. Mimi nilikuwa bado kazini. Asubuhi iliyofuata tulipanga laini vile vile na wale wale na "Utumishi kwa Wote" ilikuwa ukutani kabla hata mimi sijaajiriwa.

Kilichobadilika kikweli ni kwamba zamani polisi alichunguzwa na polisi, basi. Sahii kuna IPOA, mamlaka huru ya raia, ilianza kazi 2012, na kisheria mtu akifa mikononi mwa polisi lazima wapewe habari na wachunguze. La pili ni ule msasa. Mwishoni mwa 2013 tume ya polisi ilianza kuwaita maofisa mmoja mmoja, wakubwa kwanza, baadaye ikafika kwa trafiki, na kitu kilichowamaliza watu hakikuwa mashahidi wala vitisho, ni stetimenti ya M-Pesa. Unakuta konstabo wa barabarani anamtumia bosi wake pesa kila baada ya siku mbili tatu, anaulizwa hii ni ya nini, anajikuna, ati mkopo. Mkopo gani unalipwa mwaka mzima na hauishi? Wengine waliandika barua za kuacha kazi kabla hata hawajaitwa. Hapo ndio raia waliona kwa macho kile sisi ndani tulikijua siku zote, hongo haibaki barabarani, inapanda ngazi. Yule unayemchukia pale kwa rodibloku ana hesabu ya kupeleka jioni.

Ile sare ya buluu ya 2018, wacha tu. Kitambaa hakijawahi kumpiga mtu.

Naruhusiwa kumrekodi karao na simu? – Boda, Kitengela

Barabarani akiwa kazini hakuna sheria inayokukataza. Simama mbali kidogo, usimwekee simu usoni, usimzuie kazi, na usikubali kuifuta ukiambiwa ufute. Ndani ya stesheni na kambini hapana, huko usijaribu. Na kabla ya kutafuta sura tafuta kifua, sheria inasema polisi mwenye sare lazima awe na jina lake ama namba ya utumishi mahali inaonekana. Aliyeifunika ama aliyefunika uso kwa barakoa kwenye maandamano, huyo ndio urekodi zaidi.

Afande, mume wangu ni konstabo. Halali usingizi, anaamka usiku akipiga kelele, akirudi haongei na watoto. Nikitoka sokoni nasikia watu wakiwalaani polisi na mimi niko hapo na kikapu changu. Nani anatuangalia sisi? – Mke wa askari

Hii barua niliisoma mara mbili mama watoto. Wakati naanza kazi tulipewa chumba kimoja familia mbili, katikati pazia, leso tu imetundikwa kwa misumari, na mwenzangu akigombana na mkewe sisi upande huu tunakohoa ili wajue tumeamka. Unatoka hapo saa kumi alfajiri umepewa bunduki. 2018 serikali ilisema polisi wapewe marupurupu ya nyumba wakae mtaani kama watu wengine na jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likaja kupendekeza mshahara uongezwe, ripoti yake ilifika kwa Rais Novemba 2023. Tangu hapo wamekuwa wakiongezwa kidogo kidogo, na wewe ndio unajua kama imefika jikoni.

Lakini usingizi haununuliwi. Mumeo ameona kitu na hana wa kumwambia, manake kambini ukisema unaota vibaya unaitwa mwoga, ama wanakunyang'anya silaha na kila mtu anajua kwa nini. Mtafutie mshauri nje ya kambi, hospitali ya kaunti ama kasisi ama shehe unayemwamini, na aende akiwa na nguo za nyumbani. Na akianza kusema ati "mngekuwa sawa bila mimi", usingoje asubuhi. Simu kwa ndugu yake usiku huo huo, na ile bunduki ilale ghalani stesheni, isije nyumbani hata siku moja.

Rais alisema vijana wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi za miguu. Hiyo iko kwa mafunzo? – Mwalimu, Nakuru

Alisema Julai 2025, nilimsikia. Mwalimu mimi nimefundishwa kulenga na baadaye nikafundisha wengine. Mtu anayekimbia mguu wake unaruka kila nusu sekunde, ukikosa risasi inaenda kwa mama anayeuza ndizi nyuma yake. Ukipata, pajani kuna mshipa mkubwa wa damu, mtu anaisha kwa dakika chache kabla ambulensi haijawashwa. Sheria ya polisi inasema kwanza njia zisizo za nguvu, na bunduki hasa ni ya kuokoa maisha, yako ama ya mwingine. Duka linaloungua halina maisha, hata kama linauma, na linauma kweli. Yassin Moyo alikuwa na miaka 13, alikuwa kwa balkoni kwao Kiamaiko Machi 2020 wakati wa kafyu ya korona, na risasi ilimfikia huko juu. Polisi wenyewe walisema ni risasi iliyopotea njia.

Afande tuwe wakweli. Baada ya Albert Ojwang, kuna haja ya kwenda IPOA kweli? Si ni kupoteza nauli? – Msomaji, Kisumu

Ojwang alishikwa kwao Homa Bay Juni 2025, akaletwa Nairobi safari ya kutwa nzima kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi, na kabla hakujakucha amekufa stesheni ya Central. Tukaambiwa aligonga kichwa ukutani. Halafu daktari aliyepasua maiti akasema hayo majeraha mtu hajifanyii mwenyewe. Hiyo "aligonga ukuta" nimeisikia tangu niwe kuruti, nilifikiri imezeeka imekufa.

Nauli utapoteza, sitakudanganya. IPOA yenyewe haishtaki, inachunguza halafu inapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na huko faili linakaa. Wewe wa Kisumu unamjua mtoto Pendo wa Nyalenda, miezi sita, alipigwa rungu Agosti 2017 akiwa na mamake nyumbani. Uchunguzi wa mahakama ulisema 2019 polisi ndio wa kulaumiwa, na wazazi wake wamekuwa wakizunguka korti miaka na miaka baada ya hapo.

Sasa sikiza upande wa pili. Josephat Mwenda alikuwa mtu wa boda, polisi akampiga risasi 2015, akaenda IPOA na wakili Willie Kimani akamshika mkono. Juni 23, 2016 wakitoka korti ya Mavoko yeye na wakili na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa wakapelekwa kambi ya AP, polisi wa utawala, Syokimau. Kwenye OB hawakuandikwa, nadhani sasa unaelewa kwa nini nimeng'ang'ana na hicho kitabu. Lakini Kimani aliandika kwenye kipande cha tishu ya choo kwamba wako hatarini akakirusha nje, mtu akakiokota. Miili ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Februari 2023 mahakama ikamhukumu Fredrick Leliman, yule polisi aliyelalamikiwa na Mwenda, kifo, maofisa wenzake wawili miaka 30 na 24, na mpasha habari wao miaka 20. Karibu miaka saba. Malalamiko ya Mwenda ndio yalimfanya auawe, naogopa kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, na faili lile lile ndilo lilionyesha nani alikuwa na sababu ya kumuua. Kwa hivyo nenda. Nenda na mtu, beba namba ya OB na karatasi ya hospitali, fomu ya P3, ile daktari anaandika majeraha, ni bure usiuziwe, piga picha kila karatasi uachie dada yako. Usiende kimya kimya peke yako.

Mzee, kijana wangu amemaliza fomu foo anataka kuingia polisi. Nimkataze? Kuna mtu wa ndani anasema kwa laki tatu atampitisha. – Baba, Kitui

Usimkataze. Wazuri wakikataa nafasi zinajazwa na wale wengine. Akimbie asubuhi, meno yaangaliwe, vyeti viwe vya kweli, na siku ya uandikishaji aende uwanjani kama watoto wa wenzako. Ila huyo mtu wa ndani baba, piga hesabu: kijana akinunua kazi laki tatu ataanza kuirudisha wiki ya kwanza barabarani, kwa yule mama wa Likoni hapo juu, elfu tatu tatu, mara mia moja. Mwambie mtu wako pesa hauna. Halafu nunua ng'ombe.