Maumivu ya Koo Baada ya Upasuaji

SWALI: Nilipofanyiwa upasuaji kwa nusukaputi, niliamka koo likiniuma kana kwamba nimemeza mchanga. Nitafanyiwa tena hivi karibuni; je, hali hiyo yazuilika?

JIBU: Pole sana. Aghalabu chanzo ni mpira wa kupumulia unaopitishwa katikati ya nyuzi za sauti, ambao puto lake dogo, likijazwa hewa kupita kiasi, hubana ukuta wa njia ya hewa. Mweleze mtaalamu wa nusukaputi mapema yaliyokupata, kwani anaweza kuchagua mpira mwembamba zaidi, kukupa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na, jambo ninalolisisitiza, kupima mgandamizo wa puto kwa kipimo badala ya kuukadiria kwa vidole tu. Maumivu yakizidi siku 3, au sauti ikibaki imekauka, mwone daktari. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje hata kidogo.